Ukuta wa Mwaloni wa Marlcombe

Kiuno cha Hester kilikuwa kinawaka moto tangu alfajiri, na huyu afisa wa halmashauri bado anaupapasa ukuta kama mtoto mchanga.

Alichoomba Hester ni mlango tu. Bafu lenye choo liko upande wa pili wa ukuta ule, hatua nne. Lakini kulifikia ilibidi azunguke korido yenye ngazi tatu, na kiti cha magurudumu cha mumewe hakipandi ngazi. Miaka mitatu sasa, mara tano kwa siku, anamkokota Aubrey kwapani. Nyumba yao ya Marlcombe nayo imesajiliwa kuwa urithi wa taifa, hata msumari hupigi bila kibali. Urithi! Paa linavuja, mgongo wa mtu unavunjika, kinachoonewa huruma ni ubao.

"Mwaloni wa mwaka 1684," alisema afisa, binti aitwaye Tansley, akisoma faili. "Ndivyo alivyotueleza mzee huyu mwenyewe. Samahani sana, Bibi. Hapa siwezi kuruhusu msumeno."

Aubrey alijipinda kwenye kiti chake. Kila Jumapili, kwa miaka arobaini, aliwasimulia wageni habari za ukuta ule, kidevu juu, mpaka wengine wakavua kofia.

"Hester," alinong'ona, "nimebanwa."

"Sasa hivi? Mbele ya mgeni? Haya, bwana mkubwa, twende."

Akamwinua. Kwenye ngazi ya pili goti likamsaliti, wakaporomoka wote wawili, na suruali ya Aubrey ikalowa. Tansley alikuja mbio. Hester alibaki palepale sakafuni. Hata hamu ya kuinuka hakuwa nayo.

"Ni msonobari," Aubrey alisema, macho chini. "Baba aliuweka mwaka niliozaliwa, akaupaka rangi uonekane mzee. Andika, binti. Ni feki."

Tansley alikwaruza ubao kwa ukucha, akaguna, akaandika. Kama ni wa juzijuzi, alisema, mlango mtaupata.

Alipoondoka, Aubrey alisema kwa sauti ndogo, "Utanisamehe, mke wangu? Nimekudanganya miaka yote hii."

Hester alikuwa anamvua soksi zilizolowa. "Hukunidanganya. Ubao mmoja ulilegea hata mwaka wa ndoa haujaisha. Nyuma yake kuna jina la fundi na tarehe."

"Ulijua? Mbona basi hukuwaambia watu wa halmashauri?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme," alijibu, machozi yakimtoka. "Miaka mitatu, Aubrey. Nimekubeba huku nakungoja."