Kalenda ya Chooni

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, nikaendesha lori la maziwa, na tangu hapo sijakosea hata mara moja. Muulize binti yangu Jildou, atacheka mpaka apaliwe.

Siku Jildou, aliyezaliwa mvulana, alipomeza vidonge vyake vya kwanza vya kuwa mwanamke, niliingia chooni na kalamu. Kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa za ukoo, ambayo kwetu hutundikwa ukutani chooni mwaka hadi mwaka, chini ya jina la shangazi Sjoukje, nikaandika tarehe, mwaka, na maneno haya: "Vidonge vimeanza. Mwezi mmoja tu, ataacha." Nilitaka ushahidi wa ushindi wangu.

Hakuacha. Mimi ndiye niliyeacha kubisha.

Mwaka huu kichwa kikaanza kumuuma. Nikampeleka kwa daktari mpya, Bibi Hettema.

"Siproteroni, hivi vidonge vya kuzuia homoni ya kiume, umeitumia muda gani?"

"Miaka miwili hivi," akajibu Jildou, macho kwenye viatu.

"Basi hatari ni ndogo. Tuanze na dawa ya maumivu."

Garini nikafoka. "Miaka miwili! Hata mimi ninajua kuhesabu!"

"Atanipokonya vidonge, baba. Ndevu zitarudi."

Nyumbani nikaketi chooni, mahali pekee ninapofikiri. Upumbavu wangu ukanikodolea macho kutoka ukutani: miaka minane. Nikaing'oa kalenda, nikamrudisha Jildou kwa daktari, nikaiweka mezani kwake pamoja na harufu yake ya choo.

Bibi Hettema akasoma, akanitazama nilivyostahili kutazamwa. "Siproteroni ni projestojeni, homoni ya kutengenezwa maabara. Ukiitumia miaka mingi, inaweza kukuza uvimbe kwenye utando wa ubongo. Tunapiga picha ya kichwa."

"Na projesteroni, ile ya asili ya mwilini?" akauliza Jildou kwa sauti ndogo.

"Kwa uvimbe huo inaonekana salama zaidi, lakini bado hatujui yote. Tena haiwezi kazi ya hivi vidonge. Kuna sindano inayoiweza. Ndevu hazirudi, na homoni yako ya kike unaendelea nayo."

Jildou akalia. Mimi nilikuwa na mafua tu.

Uvimbe ulikuwepo, mdogo kama punje ya njegere. Vidonge vikasimamishwa, sindano ikaanza. Picha ya pili ikaonyesha umesinyaa.

"Ulijua niliandika vile?" nikamuuliza.

"Baba, nimekaa mbele yake miaka minane."

Kalenda nimeirudisha. Jana nilikuta mwandiko wake chini ya wangu: "Baba alikosea. Mwezi mmoja tu, atakiri."

Nilitafuta kalamu. Nilikiri siku hiyohiyo, chini ya maneno yake.