Mtu wa Theluji Juu ya Boneti

Mwaka huo magoti ya Mama yaligoma kupanda mlima Baw Baw. Clive akamwahidi: ikiwa Mama haifikii theluji, basi theluji itamfikia Mama, nyumbani kwake Warragul, kabla ya chai ya jioni. Na Clive hakuwa mtu wa kuvunja ahadi yake.

Basi huku watelezaji wa theluji wakipiga mweleka mteremkoni, yeye na dada yake Merle walikuwa kwenye maegesho, chini ya mikaratusi iliyopindwa na baridi, wakimjenga mtu wa theluji juu ya boneti ya gari lao, kama alivyofanya marehemu baba yao kila Julai, msimu wa baridi kule kwao. Pua ya karoti, kofia ya sufu.

"Mpandishe kwenye paa, kaka," Merle alishauri. "Hapo kwenye boneti injini itamchemsha."

"Baba alimweka kwenye boneti, na alifika mzima."

"Haya, mheshimiwa. Mimi simo." Akazunguka nyuma ya gari, akafungua buti, akakawia huko.

Clive aliendesha kuteremka mlima kwa adabu. Kibao cha barabarani kilipoamuru minyororo ya magurudumu, ile ya kuzuia utelezi, ivuliwe, akasimama, akaivua, akaipangusa matope, akaikunja.

"Hata pasi ipige, kaka," Merle alisema. "Mgeni wetu ameshapoteza mabega."

Walipopita mji wa Noojee, kiuno nacho kilikuwa kimekwenda. Merle akakaza macho mbele. "Mwulize kama anajisikia vizuri."

Clive akapunguza mwendo. Alikuwa akiendesha kama abebaye yai.

Mama aliwangojea barazani na mkongojo wake. Juu ya boneti ilibaki kofia iliyolowa, karoti, na bonge lisilozidi andazi.

"Mama," Clive alisema, "nimeshindwa kutimiza ahadi."

"Kwani Merle hakuchota theluji ya akiba?"

Merle akafungua buti. Kisanduku cha kupozea bia kilifurika theluji.

"Baba yenu naye hakufika na kitu hata siku moja," Mama alisema. "Kila mwaka alisimama pale kona ya kanisa, akamjenga upya kwa theluji ya kisandukuni. Mimi namchungulia dirishani."

"Baba? Yule aliyetunyima pudini kwa uongo mdogo tu?"

"Huyohuyo." Mama alikwisha kuzamisha mikono kisandukuni hadi viwikoni, akicheka kama msichana. "Sasa mbona umesimama kama mlingoti? Huyu hana kichwa."

Clive akasogea kwenye kile kisanduku. Kisha akaikunja mikono ya shati, kwa uangalifu, akaokota karoti.