Miisho ya Mirindi

Kwa miaka ishirini Pascaline hakuwahi kuona mwisho wa filamu ya Noeli. Filamu zenyewe hazikukosekana. Kila Desemba televisheni ilizionyesha kwa Kifaransa, zenye theluji, kengele na wanawake wa makoti mekundu, naye alizipenda sana. Lakini alikuwa na watoto wanne. Trésor aliumwa tumbo. Patrick alijitia haragwe puani. Lisette hakulala bila kushikwa mkono, na Olga, kitinda mimba, alizaliwa wiki ileile ya Noeli, filamu ikiwa katikati.

Kila alipoitwa, Pascaline aliinuka. Mumewe Mirindi alibaki kwenye kiti. Mirindi alikuwa mtunza ghala katika Zone Industrielle, eneo la viwanda. Alitoka nyumbani kwao mtaa wa Gihosha kabla ya jua, akashinda akipokea magunia ya mchele na sukari, akarudi miguu imevimba. Pascaline hakumlaumu, au alimlaumu kidogo tu, kimoyomoyo. Akirudi sebuleni alikuta majina ya waigizaji yanapita kwenye skrini, basi aliuliza:

"Baba Trésor, iliishaje?"

Mirindi alimsimulia. Alijua kusimulia, mtu yule. Aliinua mikono, aliigiza sauti za wazee na za mbwa, na mara nyingi Pascaline alilala akiwa bado anatabasamu. Jambo moja tu lilimshangaza: Wazungu wale walipenda sana malori. Karibu kila filamu iliisha kwa lori lililopotea kufika kijijini usiku wa Noeli, limejaa chakula.

Mwaka huu, tarehe ishirini na sita, watoto wote wanne waliondoka kwenda Rumonge kumsalimia shangazi yao. Wa kwanza alikuwa na miaka ishirini na mmoja, wa mwisho kumi na tano. Pascaline aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akasimama katikati ya sebule. Hakuna aliyemwita. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa tangu mkesha wa Noeli. Ilikuwa saa nane mchana.

"Leo naangalia filme mpaka mwisho," alisema. "Hata nyumba iungue."

Mirindi aliweka gazeti chini. "Tusiende kutembea kidogo? Mvua bado."

"Apana."

"Au tupite kwa rafiki yangu Népomuscène, ni siku nyingi."

"Népomuscène alikuwa hapa jana, alikula sahani mbili. Kaa."

Olga alikuwa amewawekea filamu kadhaa kwenye flashi. Pascaline alichagua ile ya mjane mwoka mikate, kwa sababu aliipenda kuliko zote na mwisho wake aliujua: theluji imefunga barabara, unga umekwisha kijijini, mjane analia, kisha lori linatokea, dereva akishuka ni kaka yake aliyepotea miaka kumi. Mjane anaoka usiku kucha, kijiji kizima kinakula na kucheza.

"Hiyo unaijua tayari," Mirindi alisema kwa sauti ndogo. "Chagua ingine."

"Nataka kumuona huyo kaka kwa macho yangu."

Akaketi, miguu juu ya stuli. Theluji ilianguka. Mjane alikanda unga, na unga ulikuwa tele. Mwanasheria mmoja mwenye skafu akaja kutoka mjini, akamwangalia mjane, akarudi mjini, akaja tena. Pascaline alisogea mbele ya kiti. Mjane akauza duka. Mwanasheria akapiga goti. Wakabusiana chini ya mti, na majina yakaanza kupita.

"Na lori?" Pascaline aliuliza.

Mirindi alitazama dari.

"Baba Trésor. Lori iko wapi?"

"Hakuna lori."

"Na kaka yake?"

"Sijui kama ana kaka. Nilisinzia."

"Mwaka gani ulisinzia?"

Mirindi alisugua magoti yake. "Yote."

Pascaline alisimama. "Miaka ishirini! Mi nabeba watoto, natafuta dawa, nafua mashuka, na we unalala? Na kisha unanidanganya?"

"Keti, nikuambie." Hakuketi, lakini Mirindi aliendelea. "Ile mara ya kwanza Trésor alikuwa na homa. Ulimbeba saa nzima. Ukarudi hapa umechoka, macho mekundu, ukaniuliza iliishaje. Niliona haya, Mama Trésor. We unafanya kazi, mi nimekaa, na hata hiyo kazi ya kukaa imenishinda. Nikatunga. Lori ndiyo kitu najua. Na we ukacheka. Ulikuwa hujacheka wiki nzima. Mwaka uliofuata ukauliza tena, ningefanya nini?"

Pascaline alimtazama. Alitaka hasira yake ibaki, lakini ilikuwa inampunguka. "Na ile ya kipofu na piano?"

"Nilitunga."

"Ya mapacha?"

"Mapacha niliona nusu."

Hapo ndipo alipokumbuka kitu, akashika kichwa. "Mungu wangu! Epiphanie!"

Epiphanie alikuwa mwalimu, jirani yao wa nyumba ya pili. Noeli iliyopita, mbele ya wanawake wote wa kwaya, alikuwa amesema kwamba yule mjane anaolewa na mwanasheria. Pascaline akamwambia labda alikuwa amesinzia. Maneno yalipanda, na wanawake hao wawili hawakusalimiana mpaka katikati ya Januari. Walikuwa wamepatana tangu hapo, lakini hakuna aliyekubali kwamba alikosea.

"Vaa viatu," Pascaline alimwambia mumewe.

Walimkuta Epiphanie uani kwake, anachambua mboga za lengalenga. Pascaline alimsukuma Mirindi mbele. "Mwambie Mwalimu."

Mirindi alisema yote, akitazama majani kwenye ungo. Epiphanie alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, mikono kiunoni.

"Nilisema! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," Pascaline alijibu. "Unisamehe, dada. Mi ndiye nilikuwa usingizini."

"Yebaba we!" Epiphanie alipiga makofi. Kisha akamgeukia Mirindi, macho yakimeta. "Sasa na ile ya mapacha, kwako iliishaje?"

Mirindi alisita. Akaanza polepole, na baada ya dakika mbili alikuwa ameinua mikono, anaunguruma kama injini inayopanda mlima wa Bugarama, pacha mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya magunia. Epiphanie alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Pascaline pia alicheka, ingawa alikuwa ameapa njiani kwamba hatacheka kabla ya Mwaka Mpya.

"Ya kweli ni mbaya kuliko hiyo," Epiphanie alisema akifuta macho. "Ya kweli wanaimba tu."

Akaacha lengalenga, wakarudi wote watatu kuangalia filamu nyingine. Filamu ilipofika nusu, mlango ukagongwa: ni mteja, amekuja kuchukua gauni lake. Mwili wa Pascaline ulikwisha kuinuka wenyewe.

"Kaa," Mirindi alisema. Alikuwa tayari mlangoni.

Alimpa yule mama gauni la mtu mwingine, na kesho yake Pascaline alilazimika kumtafuta kote Gihosha. Lakini mchana ule alikaa. Aliona bibi wa kwenye filamu akimkumbatia mwanawe kwenye kituo cha treni, akaona taa zikizimwa, akasoma majina yote hadi la mwisho kabisa. Machozi yalimtoka kidogo, ya raha. Epiphanie alimpa ncha ya kitenge chake ajifute.

Watoto walirudi tarehe ishirini na nane, mchana, na mfuko wa samaki. Waliwakuta wazee watatu mbele ya skrini. Mirindi alikuwa macho. Hakuna aliyeinuka.

"Mama," Olga aliita, "tuna njaa."

"Sufuria iko jikoni," Pascaline alisema bila kugeuka. "Na mufunge mlango, jua linaingia kwenye theluji."