Maji ya Doto

Panya wa Daktari Mastura waliingia Mwanza kwa ndege, na karatasi zao za safari zilikuwa nyingi kuliko za mahujaji. Mkuyuni, alikozaliwa na ambako baba yake bado anauza mabati, watu walicheka wiki nzima. Panya wa kuagiza? Binti wa watu amesoma mpaka Ulaya, anarudi na panya? Si angesema tu wamjazie gunia, tena wamshukuru kwa kuwachukua.

Mastura hakununa. Waliotaka kueleweshwa aliwaeleza: hawa ni panya wadogo weupe, vinasaba vyao vimebadilishwa makusudi, na kila mmoja wao akikua lazima aote uvimbe wa saratani kwenye ini. Wasiotaka kueleweshwa walimwita Mama Panya, naye akaitika. Baba yake mdogo, Bashiru, alikufa kwa saratani ya ini katika chumba cha uani, tumbo limejaa, macho ya njano, akitania wauguzi mpaka siku ya mwisho. Tangu hapo Mastura alikuwa na ugomvi binafsi na ugonjwa huo, na ugomvi wa binafsi hauna aibu ya jina.

Maabara yake ilikuwa Ilemela, juu ya mawe, dirisha likitazama ziwa. Humo alikuwa ametengeneza jeni ya tiba, akaipakia ndani ya kirusi kilichong'olewa meno, akamdunga kila panya. Kirusi kilikuwa mchukuzi tu. Kikifika kwenye ini kinashusha mzigo, kazi yake imekwisha. Ila jeni yenyewe ililala. Aliitega isiamke mpaka panya anywe dawa fulani chungu, nayo ilitiwa kwenye maji pamoja na sukari ili wasiisuse.

Basi nusu ya panya wangekunywa maji ya dawa, na nusu wangekunywa maji ya sukari peke yake. Wakipona hawa na wakafa wale, kila mtu atakubali kwamba ni jeni iliyoponya. Wakifa wote, amefeli. Wakipona wote, pia amefeli, maana nani atasema kilichowaponya ni nini? Hilo la mwisho hakulipa hata dakika moja ya wasiwasi. Nani amewahi kuona saratani ikiondoka yenyewe kwa adabu?

Kosa lilianzia kwenye majina. Maabara nyingine huita makundi yao A na B, zikalala salama. Mastura akajitia ujanja. Mtunza panya wake alikuwa Bernadeta, mama wa makamo kutoka Usagara, nje ya jiji, Msukuma asiyechanganya, mzazi wa mapacha. Wasukuma pacha wa kwanza humwita Kulwa na wa pili Doto, kwa hiyo Bernadeta kila mtu alimwita Mama Kulwa. Mastura, akitaka kumfurahisha, alipanga panya wawili wawili, ndugu wa uzao mmoja, mmoja kulia na mmoja kushoto.

"Mama Kulwa, shikamoo. Njoo uone. Upande huu wote ni Kulwa, watakunywa dawa. Upande huu wote ni Doto, watakunywa sukari tu. Kila Kulwa ana Doto wake."

"Marahaba. Mayo!" Mama Kulwa alimaka kwa Kisukuma, akapiga makofi, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akainama, akawatazama Doto kwa muda mrefu kidogo. "Na hawa hawapati kabisa?"

"Hawapati. Ndiyo sayansi yenyewe."

"Haya," alisema Mama Kulwa, na mtu anayewajua Wasukuma angeiogopa ile "haya." Mastura hakuiogopa. Alikuwa anajipongeza kwa kuileta sayansi karibu na wananchi. Alilisema hata mkutanoni Dar es Salaam, akapigiwa makofi.

Miezi ikapita. Mastura alichanganya dumu la dawa na dumu la sukari, Mama Kulwa akajaza chupa na kuzitundika, zote zimevikwa foili kwa sababu dawa ile haipendi mwanga. Kisha wiki ya mtihani ikafika. Ijumaa angekuja Profesa Wilhelmina, mwenyekiti wa jopo la wafadhili, aliyesifika kwa kufunga miradi ya watu huku akitabasamu na kuomba chai nyingine.

Jumatatu Mastura aliwapima Kulwa kwa mashine. Uvimbe umesinyaa! Mwingine, umesinyaa. Mwingine, haupo kabisa. Alicheza peke yake chumbani, koti jeupe likipepea, na kama mlinzi hakumwona basi ni Mungu tu. Jumanne akawapima Doto ili akamilishe furaha yake.

Doto nao walikuwa wamepona.

Aliipima mashine. Akajipima mwenyewe homa. Aliishuku sukari, akaushuku umeme unaokatika, akaishuku hewa ya ziwa. Kwa saa nzima aliamini kwamba amegundua tiba ya saratani kwa sukari ya kawaida ya dukani, akaona aibu, akanywa maji. Na hapo, glasi ikiwa mdomoni, wazo likamjia. Alikwenda kwenye chumba cha panya, akachomoa chupa ya Doto mmoja, akadondosha tone kiganjani na kulilamba, daktari mzima na shahada zake zote.

Chungu.

Mama Kulwa alikuwa nje kivulini, anakula viazi na dagaa. Alimwona Mastura anakuja na chupa mkononi, uso umekunjamana, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Umeyaonja," alisema.

"Mama Kulwa! Umewapa Doto dawa?"

"Sikuwapa ya kwao peke yao. Nilimimina madumu yote mawili kwenye ndoo moja, nikakoroga, wakagawana sawa. Hakuna aliyezidishiwa."

"Nilikueleza wasipewe!"

"Ulinieleza ni mapacha, mwanangu. Sasa pacha mmoja anapewa dawa, mwenzake ananyimwa, wanatazamana! Kwetu hata mmoja akikohoa tunawanywesha wote wawili. Shati tunanunua mawili. Ukimbagua mmoja, unawapoteza wote. Mimi nimelea mapacha, naishi na hofu hiyo tangu siku waliyozaliwa. Leo nilifanye hilo kwa mkono wangu?"

Mastura alikaa. Alitaka kufoka, akajikuta anakula kiazi. Alikuwa na hasira kweli, hasira ya kulia, kwa sababu aliona miaka yake yote imekorogwa kwenye ndoo ya kudekia.

"Ndoo ilikuwa safi," alisema Mama Kulwa, kana kwamba amesikia. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Kama tatizo ni huyo Profesa, sema Doto wamekufa. Nitawabeba kwenye kapu, nikawafiche Usagara. Paka wetu mzee, hana meno."

Mastura alicheka bila kutaka. Lakini usiku ule ushauri haukumtoka kichwani. Angeweza kuonyesha Kulwa tu. Picha nzuri, uvimbe unaonywea, makofi, fedha. Tatizo ni kwamba mwisho wa barabara ile kulikuwa na mgonjwa halisi anayekunywa dawa ambayo hakuna aliyeithibitisha, na Mastura alijua kabisa mgonjwa wa namna hiyo ana sura gani.

Ijumaa alisimama mbele ya Profesa Wilhelmina akaeleza yote: mapacha, ndoo, na hata kulamba maji. Profesa alisikiliza bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo panya wako wote wamepona, tena kwa nusu ya dozi," alisema, "na huna ushahidi wowote kwamba wewe ndiye uliyewaponya."

"Ndiyo, Profesa."

"Sijawahi kuona mradi ulioharibika vizuri namna hii. Mwite huyo mama."

Mama Kulwa aliingia na birika, kwa kuwa ndiye pia aliyepika chai.

"Mama, ulijua kwamba unavuruga utafiti?" Profesa alimuuliza.

"Nilijua kuna mtoto ananyimwa dawa."

"Ni panya, mama."

"Sawa, ni panya. Nani aliyewapa majina ya watoto? Mimi?"

Wote wawili walimgeukia Mastura, naye akapata jambo la lazima la kuangalia dirishani.

"Na tukirudia kwa panya wapya, tukawaita A na B?" Profesa aliendelea.

"Waiteni mnavyotaka. Nimeshajua. Mkiniachia chupa, watapata wote."

Profesa Wilhelmina alitabasamu, akasogeza kikombe aongezewe chai. Mastura akaanza kukusanya karatasi zake, maana dalili ile aliijua.

"Basi usimwachie chupa," Profesa alisema. "Utarudia, Daktari. Huyu mama ataosha vizimba. Maji utayagawa wewe mwenyewe, kila asubuhi, mpaka mwisho wa utafiti."

Mastura alikubali kabla Profesa hajameza. Jioni alimpigia simu baba yake kumwambia wameokoka, na baba akauliza kama sasa panya watahamia Mkuyuni.

Panya wapya walikua, wakadungwa, wakapangwa. Safari hii vizimba viliandikwa A na B kwa wino mweusi, herufi kavu, hakuna mzaha. Asubuhi ya kwanza Mastura alizitundika chupa za A haraka haraka, akipiga mluzi. Kisha akachukua za B.

Walimkimbilia. Walisimama kwa miguu ya nyuma, viganja vya waridi kwenye waya, wakaanza kunyonya ile sukari tupu kwa furaha, wakisukumana. Mmoja alibaki akimtazama huku anakunywa, masharubu yakitikisika. Mastura alijua kinachoota ndani yake. Alijua pia dawa ilipo: juu ya meza, nyuma yake, ndani ya dumu ambalo bado lilikuwa na ya kutosha. Wiki baada ya wiki angekuja hapa na maji haya, na panya huyu angekuja mbio hivi hivi kuyapokea, mpaka siku atakaposhindwa kukimbia. Na bila hivyo hakuna binadamu atakayepona.

Mluzi ulikuwa umekatika. Hakujua amesimama pale kwa muda gani, chupa iliyofuata ikimlowesha mkono, mpaka Mama Kulwa alipoweka ufagio chini, akaja, akamshika kiwiko kwa upole na kumgeuza.

"Usiwaangalie machoni, Daktari," alimwambia. "Ndicho kilichoniponza mimi."