Mama Nawras na Ukurasa wa Kuagana

…na kidole chake bado kiko juu ya kipanya, hakibofyi, nami nimekaa ubavuni pake nimefunga mdomo, kanuni ya kazi yetu ndiyo hiyo, mtumiaji akipotea mwache apotee, usimwonyeshe njia, tazama tu tovuti inamfanya nini, na Mama Nawras kapotea, anausoma ukurasa wangu midomo ikimchezacheza, ukurasa wa kuagana, nimeuchora mimi mwenyewe, una sinia la mansafu, wali na nyama ya kondoo, linalofuka moshi na chini yake maneno, Unatuacha kweli, mama, hata hujashiba, halafu kitufe kikubwa cha kijani, Nabaki, na kile cha kuondoka nimekififisha mpaka kinakaribia kupotea kwenye weupe wa ukurasa, Ghassan bosi wangu alicheka nilipomwonyesha, akasema Rudayna wewe ni hatari, huyu mama akibaki leo hii tunaufungua kwa wateja wote na wewe unakuwa mkuu wa wabunifu, sasa kasimama nyuma yetu, namsikia anavyopumua… wazo nililitoa kwa babu, kule Karak, mgeni akiinuka babu humshika mkono, kaa bwana, jua lote hili unakwenda wapi, na kahawa inamiminwa tena, nikasema tovuti ya mapishi iwe hivyo, mtu apokewe, asiulizwe maswali mlangoni, anachokitaka akikute karibu na mkono, na watu wakaipenda, kweli waliipenda, Mama Nawras mwenyewe miaka yote kapika kwayo, ila alipoingia leo alinieleza wazi kwamba anataka kujitoa, watoto wote wako Ghuba, “Sasa nampikia nani, binti yangu?” akacheka kidogo, mimi nikaangalia pembeni… Mzee Shaher wa kahawa kaingia na dele lake, kammiminia Mama Nawras, mama kanywa, kammiminia tena, kanywa, na sasa, macho yakiwa kwenye skrini, anakitikisa kikombe, mara mbili tatu hivi, kiganja tu, ndiyo kusema imetosha, na Mzee Shaher anakipokea anakwenda zake, hakumuuliza kama ana hakika, hakumwambia hata hujashiba… babu naye. Babu alishika mkono, ndiyo, lakini kikombe kikitikiswa aliuachia, papo hapo, akamsindikiza mtu mpaka barabarani, nilikuwa nabeba viatu vya wageni, niliyaona yale kila siku, nikachukua mkono wa babu nikakiacha kikombe, mgeni wangu mimi hana cha kutikisa, “Samahanini jamani,” Mama Nawras anaiambia skrini, si mimi, skrini, uso umemwiva kwa haya, “mmenikirimu, nami nainuka tu hivi hivi,” na mshale unaanza kusogea kwenye kijani, Ghassan ananigusa bega, ananong’ona kwamba alijua tu, na mimi naona aibu, iko hapa kifuani, sikuitarajia kazini… mshale umesimama. Ananigeukia.

“Nikiondoka kuna mtu atakasirika?”

Mtumiaji hajibiwi, nimewafundisha hivyo wenzangu wote, kidole bado hakijabofya, mkono wa Ghassan bado uko begani, ukuu wa wabunifu nao uko palepale, nainama karibu na sikio la Mama Nawras, ananukia iliki, namwambia, “Hakuna, mama. Kile kilichofifia, pale chini.”