Ukurasa wa Sitini na Moja

"Mjomba, zimekauka?"

"Kitambo! Usinipe presha."

Fundi majalada alikuwa akizifunga nakala tatu za tasnifu ya binti wa dada yake kwa karatasi ya kaki. Ilikuwa saa nne na nusu. Saa sita kamili ofisi ya chuo ingefunga dirisha, na asiyewasilisha angengoja mwaka mwingine. Binti alikuwa ameshangoja miwili.

Kwa miaka thelathini ya kuchapa na kujalidi, fundi hakuwahi kurudishiwa kazi hata moja. Alikuwa na mazoea ya kusoma kazi za watu na kusafisha makosa yao kimyakimya, na mazoea hayo yalimtia kiburi kidogo.

"Hebu niambie," alisema akikaza uzi, "humu umeandika nini hasa?"

Binti alishika ukosi wa shati lake. "Hiki kwa mbali ni kitambaa, sivyo? Kina urefu na upana. Kisogelee kabisa, unakuta uzi tu, wenye urefu peke yake. Ulimwengu nao tunaujua kwa vipimo vinne: urefu, upana, kina na wakati. Lakini ukishuka kwenye udogo kupita udogo wote, hesabu zinasema huenda vikabaki viwili. Ndiyo kazi yangu yote, Mjomba. Hivyo viwili."

Mikono ya fundi ilisimama. Ukurasa wa kwanza ulisema vinne. Wa sitini na moja, kwenye hitimisho, ulisema viwili. Katikati palijaa hesabu zisizomwingia kichwani. Jana, akiuchapa, alitikisa kichwa, akawasema vijana wasiopitia kazi zao, akafuta viwili, akaandika vinne.

Angeweza kunyamaza. Angeisingizia kompyuta. Alimpenda mno mtoto huyu, na aliyaogopa macho yake.

"Kaa chini, mwanangu. Nimekuharibia."

Akamweleza. Binti hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alitazama saa ya ukutani, akakunja mikono ya shati.

"Kisu kiko wapi?"

Wakapasua migongo ya vitabu vyote vitatu. Ukurasa ulichapwa upya, binti akausoma neno kwa neno kwa sauti kavu, fundi akapaka gundi. Saa tano na dakika ishirini vitabu viliingia kwenye shinikizo, mashine ya kuvibana. Gundi ilitaka nusu saa kukauka. Chuo kilikuwa mwendo wa dakika kumi, kwa anayekimbia.

"Nisamehe."

Mpini wa shinikizo ulikuwa mgumu, na mjomba hakuwa na nguvu za zamani. Binti aliweka viganja vyake juu ya vile vya mjomba, wakauegemea pamoja kwa uzito wao wote, bila kutazamana.