Msichana wa Ngazini

Darasani walimwita Injinia, jina la kejeli lililomganda mpaka akalipenda. Siku ya maonyesho ya sayansi alipewa meza ya mwisho ukumbini, jirani na volkano ya karatasi, akaweka hapo kompyuta yake kuukuu.

Mchezo alioubuni ulikuwa hivi: msichana anapanda ngazi za shule kuwahi mtihani orofa ya nne. Ukimkimbiza, pumzi inamwishia, anaketi, na wewe huna la kufanya ila kumsubiri. Msichana huyo alikuwa mdogo wake, mwenye pumu. Mwanzoni pumzi ya mchezoni ilirudi kufumba na kufumbua. Mdogo wake alicheza mara moja tu, akaisukuma kompyuta kando. "Uongo huu, dada. Mimi sirudi hivyo." Basi wakashinda ngazini kwao, mdogo akipuliza kifaa cha kupimia pumzi alichopewa kliniki, mkubwa akinakili namba, hadi msichana wa mchezoni akahema kama yule wa nyumbani.

Jaji mkuu, mhadhiri mwenye suti iliyombana, alibonyeza kitufe cha kukimbia bila kukiachia. Msichana akapanda orofa moja, akaketi. Jaji akabonyeza tena na tena.

"Mchezo umekwama," alisema.

"Haujakwama, mwalimu. Anapumua."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Umsubiri."

Jaji akatabasamu kama anayembembeleza mtoto. "Binti, watu wanacheza ili washinde. Mwekee hata kidonge cha kumpa nguvu. Na tuseme kweli, hii ni burudani, si sayansi." Akatoa kalamu, akakata neno Biolojia kwenye kibao cha meza, akaandika Burudani, akaenda zake.

Mwalimu wake wa biolojia akamsogelea Injinia. "Kubali yaishe, mwanangu. Kundi la burudani halina watu, zawadi unayo mkononi. Usijitie ukaidi."

Zawadi aliitaka, tena sana. Lakini miaka yote aliwasikia watu wakimwambia mdogo wake ajikaze, kana kwamba kukosa hewa ni uvivu. Leo mtu mzima, msomi, amekaa naye ngazini kidogo tu, keshataka kidonge. Kama hilo si jaribio lililotoa jibu, jaribio ni lipi?

Akachukua kalamu, akakata Burudani, akaandika Biolojia kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo. "Nakuheshimu, mwalimu," alisema, "lakini hapa sibanduki."

Jaji alipopita tena alikisoma kile kibao. "Ukibaki hivyo hupati hata alama moja."

"Niandikie sifuri. Ila kiti kipo, ukitaka kumaliza ngazi."

Hakuketi. Sifuri ikaandikwa kweli, na volkano ikapanda jukwaani kuchukua zawadi ya tatu. Injinia aliuma midomo, hakulia.

Mama mmoja aliyekuja kumtazama binti yake ndiye aliyekivuta kile kiti. Alimkimbiza msichana, akakwama, akaondoa kidole. Akatulia akimtazama yule msichana akihema.

"Wangu akihema hivi, mimi humfokea," alisema polepole. "Namwambia anadeka."

 Injinia akamsogezea kompyuta karibu. Mlinzi alikuwa ameanza kukunja viti, akafika mezani kwao, akawaambia ukumbi unafungwa.

"Utafungwa," Injinia alimwambia, bila kuinuka. "Tuko orofa ya tatu. Tunasubiri."